Magunia Manane ya Mama Pendo

Mama Pendo wa Ipelele hana makuu. Jina lake Yudita, mjane, na kwa miaka kumi na moja nimembebea viazi kwa kenta yangu, kilori kidogo, hadi sokoni Makambako. Juzi alitaka kitu kimoja tu: godoro la inchi sita, maana Pendo anaanza kidato cha kwanza, bweni, na baridi ya huku haina adabu.

Tulipakia magunia manane.

"Obed, safari hii hatulipi ushuru," aliniambia. "Mtendaji katusomea mkutanoni, mzigo usiofika tani umesamehewa. Gunia ni kilo mia. Piga hesabu."

Nikapiga: mia nane. Mtu mzima mimi, nikakubali! Wote tulisahau kwamba kwetu gunia halifungwi likijaa. Tunalishonea kilemba juu, tunashindilia viazi vingine mpaka linavimba. Ndiyo lumbesa, na bila lumbesa matajiri hawanunui.

Kwenye geti la ushuru karani, binti mpole, alimwamkia Yudita, kisha akaomba tupime. Kushusha, kupandisha, mgongo wangu ndio unajua. Kila gunia kilo mia moja arobaini na mbili.

"Mama, msamaha unaangalia kilo, hauangalii idadi ya magunia," alisema. "Ukivuka tani, unalipia mzigo wote."

Yudita hakubishana. Alifungua fundo la kitenge, akalipa, akapewa risiti. Mimi nilikereka, nikawasha gari.

Makambako, tajiri Elius, mnunuzi wake wa miaka yote, alipita akiyagusa magunia kwa kidole. "Nane," akasema.

"Yamepimwa, mwanangu. Kilo elfu moja mia moja thelathini na sita. Hayo ni magunia kumi na moja na ushee."

Elius akacheka. "Mama, mimi nanunua magunia, sinunui kilo. Hutaki, pakia urudi nayo."

Angerudi nayo wapi? Alipokea hela ya magunia manane, akanunua godoro la inchi tatu.

Njiani kurudi aliishika ile risiti mpaka tukaipita Njombe.

"Wa getini wamechukua mara moja, na karatasi wamenipa," alisema taratibu. "Elius ananichukulia magunia matatu kila safari, miaka kumi na moja. Na kilemba namshonea mwenyewe."