Baba Anataka Niubariki Mkono Wake wa Karata

Admin, nisitiri. Andika Mbuyi tu. Huku Kolwezi ukiita Mbuyi sokoni wanageuka watu kumi, maana kwetu Waluba pacha wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga, basi hakuna atakayenijua. Nina miaka ishirini na sita, ni fundi cherehani, sijaolewa, naishi na wazazi wangu mtaa wa Musonoi. Nina hasira na nina hofu, na sijui ipi imezidi.

Baba alifanya kazi ya mgodi mpaka akastaafu. Ni mtu wa kanisa, halewi, hana ugomvi na mtu. Mwaka jana rafiki yake alimpeleka kasino mjini, akajifunza ule mchezo wa karata wa ishirini na moja, blakijaki. Simsifu bure, anaucheza vizuri. Anajua lini aombe karata na lini atulie, na mara nyingi alirudi na karibu kile alichoondoka nacho. Mama alidhani anaenda kwenye kikao cha wastaafu.

Mteja wangu mmoja ndiye aliyeniambia alikomwona. Nikaenda kumtoa. Nilimkuta mezani, nikamgusa bega, na yeye wakati huo alikuwa ameweka jetoni moja, kile kidude cha kuchezea badala ya pesa, kwenye kiduara kidogo kilicho pembeni ya dau lake. Pale unabashiri kwamba karata zako mbili za kwanza zitafanana. Zikatoka malkia wawili! Baba akaruka kama mtoto.

"Muone! Mapasa yangu njo imeniletea mapasa!"

Mapasa ndio mapacha. Meza nzima ilipiga makofi, nami nikacheka nao. Kumbe nilikuwa nacheka msiba wangu. Tangu siku ile, kila Jumamosi mchana kabla ya kutoka ananinyooshea mkono wa kulia niushike, kwa sababu anaamini Mungu hakumpa mapacha bure. Mchezo wenyewe ameuacha nyuma, akili yote iko kwenye kile kiduara. Pacha wangu Kabanga ameolewa mbali, Dilolo. Nikimpigia simu ananiambia nishike tu, kwani kunapungua nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikaona bora nielewe. Nikamvizia kijana anayegawa karata alipotoka nje kununua beignets, yale maandazi ya mafuta, nikamuuliza. Aliangalia mlangoni kwanza, akaniita yaya, yaani dada.

"Yaya, nitakuambia, lakini patron asisikie. Tata yako anacheza muzuri. Ku mise ya kweli, ile dau kubwa, akili inamusaidia. Lakini ile ya pembeni haina na akili. Karte mbili zinaanguka, imeisha, hana kitu ya kuchagua. Karte za kufanana zinatokaka karibu mara moja mu kumi na tatu. Zikitoka, tunalipaka jetoni kumi na moja ku moja. Ile inabakia, inabakia kwetu. Karte hazijuake nani alizala mapasa."

Nilimweleza baba neno kwa neno. Alinitazama kama nimemtukana.

"Munganga alihesabu mutoto moja mu tumbo ya mama yako. Mukatoka babili. Sasa hesabu njo inajua nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi iliyofuata alinyoosha tena mkono, na mimi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Tata, leo haitatoka hata moja, na huo mukono utachoka."

Haikutoka. Kesho yake, tukiwa ibadani, baba alianguka. Hospitali walisema ni presha, na mkono wake wa kulia ukalegea. Mimi nilijua ni presha. Lakini kwetu mdomo wa pacha unaogopwa, na maneno yangu jirani aliyasikia. Kabla baba hajatoka hospitali, ukoo wote ulikuwa umeshakata shauri: Mbuyi amemfunga baba yake. Shangazi aliacha hata kula chakula nilichopika. Niliumia sana, ndugu zangu, tena sana.

Wiki hii baba yuko nyumbani. Juzi, mama akiwa sokoni, aliniita kitandani akanong'ona. Amepata mtu wa kununua nyumba yetu. Mtu huyo ataleta karatasi na pesa Jumamosi mchana. Baba atasaini, kisha pesa ataipeleka kasino.

"Mara moja tu, Mbuyi. Yote mu kile kiduara. Nitarudisha kila kitu, na mama yako nitamujengea ingine."

"Tata, na mama anajua?"

"Ukimuambia, moyo yangu itasimama. Na bote batasema ni weye."

Nilitoka nikarudi kwenye cherehani yangu.

Nilidhani hapo ndio mwisho. Jana jioni mama aliingia chumbani na kisahani cha pemba, ule udongo mweupe wa kubarikia, akapiga magoti. Mama yangu mzazi, mbele yangu!

"Mbuyi, mi njo nilikuzala. Nakuomba. Fungua mukono ya tata yako. Bakubwa batakuya Samedi asubui, umupake pemba mbele yabo, iishe."

Nikamwinua. Nikafungua mdomo nimwambie kila kitu. Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, akiegemea ukuta, mkono wa kushoto juu ya kifua, ananitazama.

Mama anataka baba apone tu. Hajui kwamba kazi ya kwanza ya mkono ule ukibarikiwa ni kusaini nyumba anayolala. Nikikataa kumpaka, nimemlaani baba mara ya pili, safari hii mbele ya wakubwa wote wa ukoo. Nikimwambia mama ukweli, nani ataniamini, mimi niliyekwisha kuitwa mchawi? Na kama kweli moyo wa baba utasimama?

Msinitukanie baba, nampenda. Niambieni tu, Jumamosi asubuhi wakinipa kile kisahani, niupake mkono wa baba au niseme mbele ya wote? Nishaurini, maana leo ni Alhamisi na mama ameshaanza kufua kitambaa cheupe nitakachovaa.