Siku Niliyowaoza Waume za Watu

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii hadi leo nikipita mitaa ya Iftin nafunika uso.

Mimi huuza madera, udi na vyetezo vya kuufukizia, na kwa tabia simwamini mtu haraka (hata chenji niliyoihesabu mwenyewe naihesabu tena). Binti yangu akaniwekea kwenye simu programu ya matangazo, unaandika ujumbe mara moja, unachagua kundi la wateja na saa, inatuma yenyewe hata ukiwa umelala. Sikuiamini, nikasema nitaipanga mwenyewe. Nikaandika: "Hongera bwana harusi. Bi harusi wako mpya anastahili dera na udi wetu." Nilitakiwa kuchagua walioagiza vitu vya harusi tu, mmoja mmoja, nikaona kazi, nikabonyeza "wanaume wote", Ijumaa baada ya swala, saa ambayo mume yuko nyumbani anakula na mkewe.

Wali haujapoa, wanawake wamejaa dukani, kila mmoja na simu ya mumewe. Jirani yangu Halima akanishika mtandio: "Walaal, dada yangu, wewe najua hiyo bibi mpya. Sema jina yake tu."

Mwalimu Mwende, mtu wa bara, akauliza polepole mlangoni, "Mama Sumeya, sisi ni watu wa kanisa. Mume wangu amemwoa nani?"

Nikaapa kwamba ni mashine tu, imemtumia kila mwanamume aliyewahi kununua kwangu, rudini nyumbani muwaamini waume zenu. Wakaanza kutulia.

Ndipo mume wangu Abdi akaingia, akaninyooshea simu yake. "Mama Sumeya, hii ni nini?"

Nikasoma: Hongera bwana harusi. Wallahi maneno nimeyaandika mimi, kwa vidole hivi, lakini moyo ulinipasuka, nikamkamata shati mbele ya wateja wote nikasema, "Bi harusi gani?"

"Si ni mashine tu?" Halima akauliza, na duka zima likacheka.

Abdi akasema alinunua chetezo kimoja dukani kwangu, cha mama yake kule Bura. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikampigia mama mkwe palepale, sauti nimeifungulia kila mtu asikie, nimuulize kama chetezo kilifika.

"Kilifika," akasema. Akasikia wanawake nyuma yangu wakitaja bi harusi. "Kwa nini wewe nauliza? Abdi anaoa? Huyo msichana ni mtoto ya nani?"

Programu nimeifuta, na nimeapa sitatangaza tena ila kwa mdomo. Lakini mama mkwe ameshatenga mbuzi wa harusi, na kila nikimweleza kwamba hakuna harusi, ananipa pole, anasema mke mkubwa husema hivyo siku zote.