Unga wa Mbao wa Mama

Msumeno wa baba ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, Likasi. Kila ulipolia, unga mwekundu wa mti wa mulombwa ulitua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya nywele zetu, hata juu ya bukari, ugali wetu. Unga huo ulikuwa wa mama. Aliushindilia ndani ya debe kuukuu lililokuwa jiko lake, kuzunguka chupa, kisha akaichomoa chupa polepole, na tundu lililobaki likawa koo la moto. Akiwasha asubuhi, maharage yalichemka mpaka tutoke masomoni. Majirani nao walikuja na mabeseni yao kuchota unga.

Kisha ukaja msimu wa mvua ambao mbao zilikataa kukauka. Milango ya baba ilipinda, wateja wakairudisha. Akajenga chumba cha mabati cha kukaushia, na tanuru lake likameza unga wote. Beseni la mama likabaki limeegemea ukuta. Makaa alinunua kwa vifuko vidogo, na maharage yakatoweka mezani, maana yanakula moto mwingi.

"Baba ya batoto," mama alimwambia jioni moja, "miye nitapikia nini?"

"Vumilia, mama. Mbao iko na maji bado."

Mama akatoka, akaweka kiganja juu ya bati la chumba kile, akakiondoa upesi.

"Yo! Na huku inje unapikia nani?"

Fundi wa baba alicheka mpaka akaketi chini. Baba hakucheka. Alikwenda akaligusa bati mwenyewe, akazunguka chumba chote akiligusa.

Kesho yake tulikanyaga udongo wa kichuguu, nyumba nzima, tukaupaka kwa unene juu ya mabati na kuziba nyufa za mlango. Mama alisimamia.

"Ongeza pale! Ni maharagi yangu iko natokea pale!"

Tanuru likaanza kushiba kwa nusu ya unga. Nusu nyingine ikarudi kwenye mabeseni.

Siku hizi paneli za jua zimefunika paa la karakana, na msumeno haungoji tena umeme wa mji. Mama ana jiko la umeme, anachemshia chai tu; maharage bado ni ya debe. Nikija kutoka Lubumbashi, ninakoishi sasa, namkuta ameinama juu ya debe, ananikataza kwa jicho nisikanyage kwa nguvu mpaka chupa itoke. Ikitoka yote, tundu likasimama bila kubomoka, ndipo ananisalimia.