Gauni Jeusi Nililolikataa London

Nilipoondoka Kilosa kwenda Ulaya, mama alikuwa amelazwa wodini, tumbo limeshonwa. Mimba ilimharibikia, damu ikakataa kukatika, na daktari akamwambia baba maneno ambayo baba hakutuambia. Nilitaka kubaki. Lakini baba ni karani wa shamba la katani, na mke wa meneja alikuwa anatafuta msichana mwenye Kiingereza kidogo wa kumshikia mtoto katika likizo yao ndefu. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa darasa la kumi, nimekaa tu nyumbani. Tena mimi, tangu nizaliwe, sijawahi kumwambia mtu mzima "sitaki". Hata mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, najibu kwa kutazama viatu vyake.

Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Mikumi kumuuguza. Asubuhi ya safari alinivuta sikio mlangoni mwa wodi.

"Huko uendako kuna nguo nyingi, nasikia. Nyeusi mpya usiivae. Mama akiwa kitandani, binti yake hajifungi kaniki mpya. Ni kumchimbia kaburi."

"Nimesikia, Bibi."

"Usisikie tu. Shika!"

Kwetu kaniki kuukuu haina neno, watu wanalimia. Ile mpya, ambayo rangi yake bado inang'aa, ndiyo ya msiba. Mfiwa huivaa, akatembea kimya bila kumsalimu mtu, na kila anayekutana naye lazima ampe pole. Ukimpita hivihivi, watu husema unaufurahia msiba wake.

Basi, London. Siku moja memsahibu, huyo mke wa meneja, alikwenda kununua gauni la karamu, nami nyuma na mtoto mkononi, maana kumfunga mgongoni kwa kanga nilikuwa nimekatazwa. Mlangoni mwa duka alisimama mzee mwenye vifungo vya dhahabu mpaka shingoni. Nusura nipige goti, nikidhani ni Bwana Shauri, mkubwa wa serikali wa mji ule. Kumbe kazi yake ni kufungua mlango.

Ndani sikuona nguo. Naapa. Hakuna kaunta, hakuna majora, hakuna mtu wa kupima yadi kama madukani kwetu. Palikuwa na zulia linalomeza miguu, viti vya miguu myembamba, na wanawake waliokaa kama wanangoja mahubiri. Memsahibu akakaa. Mimi nikasimama ukutani.

Pazia likafunguka, akatoka msichana amevaa nyeusi tupu, toka shingoni hadi kwenye vifundo. Uso umekauka. Akatupita wote, wazee kwa vijana, bila salamu. Akageuka taratibu katikati ya zulia, akarudi. Akatoka wa pili, naye amevaa nyeusi. Wa tatu, vilevile, na huyu alikuwa na wavu mweusi machoni. Ni ukoo gani huu umefiwa na watu wangapi? Na hawa mama waliokaa, mbona wanatabasamu? Mbona hakuna hata mmoja anayesema neno?

Yule wa wavu alipofika mbele yangu sikuweza. Aibu yangu yote ilinitoka. Nikapiga goti kidogo na mtoto wa watu mkononi, nikasema kwa Kiingereza cha shule kwamba nampa pole sana kwa kufiwa, Mungu amtie nguvu.

Msichana akasimama. Akanitazama, akamtazama mwenye duka, midomo ikaanza kumcheza, halafu akakimbilia nyuma ya pazia. Nikajua analia. Kumbe anacheka! Chumba kizima kikaangua kicheko. Memsahibu alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Wewe nasema nini?" akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Hapana kufa mtu! Hawa naonyesha nguo. Nguo ya furaha. Ya karamu!"

"Nyeusi, memsahibu?"

"Nyeusi ndiyo nzuri kabisa! Mimi nataka hii. Na wewe nataka moja, ya chini. Hii koti yako ya shule natia mimi haya."

Akachagua lake, la mahameli. Kisha tukashuka ghorofa ya chini, mama mmoja wa duka akaja na gauni jeusi lenye kola nyeupe, jipya, linanukia sanduku. Akanipokonya mtoto, akampa memsahibu, akaniinua mikono kama anayemvisha mgonjwa, na nguo ikawa tayari inanishukia kichwani. Gizani mle ndani ya kitambaa nilimwona mama yangu kitandani. Si ndoto, nilimwona. Nikashika upindo kwa mikono miwili, nikausukuma juu.

"Sitaki!"

Kiingereza chote kilikuwa kimenikimbia. Memsahibu alishangaa kama ambaye kiti chake kimesema.

"Wewe nakataa zawadi?"

"Mama yangu hajafa, memsahibu."

"Nani nasema yeye nakufa? Vaa!"

"Sitaki. Mama yangu yuko hai."

"Nitaambia baba yako."

"Mwambie," nikasema, nikakaa chini kwenye zulia lao, miguu imenyooka, kama mtoto.

Hakuninunulia kitu. Siku ya karamu nilikaa jikoni na mtoto. Boksi la gauni lake yeye liliwekwa chumba nilicholala, nami nililisukuma kwa mguu mpaka nje, nisiliguse kwa mkono. Kuanzia hapo kila barua ya baba niliifungua nikitafuta kwanza neno 'mama', na kila barua ilisema mama bado yuko hospitali.

Treni iliponirudisha Kilosa sikuthubutu kuchungulia dirishani. Niliteremka nikitazama viatu vyangu. Nikasikia sauti:

"We mtoto, Ulaya wamekufundisha kupita watu?"

Alikuwa mama. Amekonda, amemwegemea Bibi, lakini wima. Shikamoo niliitoa na kilio. Njiani nikawaambia yote, nikitaka wasikie kwangu kabla memsahibu hajafika kwa baba. Mama akasimama katikati ya barabara.

"Umemwambia mke wa meneja 'sitaki'? Wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Na chini nikakaa."

Mama akafunga mdomo kwa kiganja. Nikadhani amekasirika, mpaka nilipoona mabega yanatikisika. "Jamani usinichekeshe," akasema ameshika tumbo, "mshono utaachia! Baba yako akifukuzwa kazi tutakula hilo zulia?"

"Acha afukuzwe," Bibi akasema. "Hakulivaa, si ndiyo maana uko hai?"

"Mimi nimeponywa na sindano, mama. Nimechomwa mpaka nikasahau kukaa."

"Sindano! Wangapi wamechomwa na tumewazika?"

Wakaendelea hivyo, mmoja na sindano zake, mwingine na kaniki yake, na mimi nyuma yao na sanduku kichwani, nikimhesabu mama kila hatua aliyoikanyaga.