Fundi Aliyetujengea Mahali pa Kukosea

Habari ilinikuta kwa fundi viatu karibu na stendi ya Lindi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Simu ikalia, na mtu wa hospitali akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule fundi wao wa mtandao hatunaye tena. Homa ya siku nne tu, na alfajiri ile Mungu alikuwa amemchukua. Nilisema yale tusemayo sote, nikauliza mazishi ni lini, nikajibiwa ni Alhamisi, kijijini kwao, ndani kule upande wa Njinjo. Kisha, wasomaji wangu mnisamehe, nikauliza swali la kijinga: "Na ile maabara yake ya kwenye kompyuta imezimwa?" Aliyenipigia akasema, "Hapana, mwalimu, inawaka." Hapo ndipo machozi yaliponitoka, mguu umekanyaga kipande cha boksi, fundi viatu ananitazama asijue kama ashone au aache.

Sikuwa rafiki yake wa kutembeleana. Tulikuwa watani: yeye Mmatumbi wa milimani, mimi Mmwera wa huku, na kila tulipokutana ilikuwa lazima tuchokozane. "Shikamoo, mwalimu. Kumbe bado upo?" "Marahaba. Niende wapi, na wali wa matanga yako sijala?" Leo maneno hayo yananichoma, lakini utani ndivyo ulivyo, hausubiri ruhusa ya mauti. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mtaratibu wa kusema, shati lake halikosi kalamu mbili mfukoni. Kijijini alikuwa na mama mzee, na hapa mjini mke na watoto watatu, wote wakitegemea ajira yake hiyo hiyo moja.

Nilimfahamu kwa kosa lake. Kila mwezi huenda hospitali ile kupima presha, maana ualimu nilistaafu lakini presha haikustaafu. Asubuhi moja tulikaa kwenye benchi hadi matako yakafa ganzi. Kompyuta za mapokezi hazioni faili la mtu yeyote, na wodi ya wazazi wanahangaika kupima upya kundi la damu la mama mmoja kwa kuwa lililoandikwa halionekani. Tukaanza kulaani, kama ilivyo desturi ya foleni. Mara akatoka mtu huyu mwembamba, akasimama mbele yetu, akasema: "Jamani, mtandao nimeuangusha mimi. Nilibadilisha agizo moja kwenye mashine nikidhani nafanya sawa, kumbe sivyo. Naurudisha. Naomba radhi, na yule mama wa wodini anaendelea vizuri." Mtu wa ofisi kukiri mbele ya foleni! Mimi ni mdadisi wa kuzaliwa, mke wangu hutumia neno baya zaidi, nikasema huyu lazima nimjue. Presha yangu ilipopimwa nikamfuata hadi mlangoni kwake.

Nilimkuta amejiinamia. Mkuu wa utawala alikuwa ametoka kumwambia kwamba akiangusha mtandao mara nyingine, asisubiri maelezo, afungashe vyake akalime ufuta. Nikamuuliza sasa utafanyaje, akasema, "Mwalimu, kazi yangu ni kama kubadili tairi gari likiwa mwendoni. Nataka gari jingine la kujifunzia." Aliomba swichi mbili za mtandao za akiba na seva moja ya majaribio, yaani kompyuta ya kutunzia mafaili. Akajibiwa kwamba vya kufanyia kazi havitoshi, sembuse vya kuchezea. Basi akaichukua kompyuta moja iliyokuwa imeshafutwa kwenye orodha ya vifaa, akaipangusa vumbi, akaiongezea kumbukumbu kutoka kwenye nyingine mbili zilizokufa, akaweka programu ya bure inayoweza kuigiza mashine nyingine. Ndani ya kompyuta ile moja akakijenga upya chumba kizima cha mashine za hospitali: seva zote, swichi zote, ruta inayoiunganisha hospitali na nje, na kila waya kama ulivyoonyeshwa kwenye mchoro wa ofisi. Maagizo yaliyokuwamo kwenye mashine za kweli aliyanakili neno kwa neno. Alitumia majuma mengi, baada ya saa za kazi, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Mimi nilikwenda kuiona hiyo maabara, ndivyo alivyoiita, nikiwa na maswali yangu yote. Kwenye kioo palikuwa na visanduku na mistari tu. "Sasa hizi mashine ziko wapi?" "Humu." "Humu wapi? Nikiifungua nitaziona?" "Utaona vumbi, mwalimu." Nikamuuliza kama mashine hizo zinajua kwamba si za kweli. Mwingine angenicheka. Yeye alifikiri, akasema, "Hazijui. Swichi haijui kama ina mwili wa bati au haina. Inajua maagizo iliyopewa na jirani zake waliounganishwa nayo, basi." Jibu hilo nililirudia njiani nikielekea nyumbani, nikajiuliza kama mimi mwenyewe najua zaidi ya hayo. Toka siku hiyo nikawa mgeni wake wa alasiri. Alinipa kiti, akaniambia, "Chomoa popote unapotaka." Nikachomoa! Nikazima seva, nikakata nyaya, nikaandika maagizo ya ovyo, na hospitali ile ya kwenye kioo ikazirai mikononi mwangu. Yeye akibonyeza mahali, inafufuka, tunaanza upya. Sijawahi kufurahi hivyo tangu niache chaki.

Ikafika zamu ya jambo kubwa. Chumba cha mashine cha zamani kilikuwa kinavuja kila masika, na uongozi ukaamua mashine zihamie jengo jipya la nyuma. Hospitali haifungwi, kwa hiyo zilipaswa kuhama zikiwa zinafanya kazi. Niwaeleze kama alivyonieleza. Swichi ni sanduku lenye matundu ambamo nyaya za mashine zote hukutana. Pale zilikuwapo mbili kubwa, moja juu na moja chini. Kila seva ina nyaya mbili, mmoja umekwenda juu na mwingine chini, ili swichi moja ikizimika, nyingine ibebe mzigo. Mpango wake ulikuwa kuzima ya juu Jumapili asubuhi, kuihamisha, kuiwasha kule, kisha kurudi kuchukua ya chini. Kwenye maabara alishaifanya safari hiyo mara nyingi, na kila mara mafaili ya wagonjwa yalibaki yanasomeka. Alikuwa na uhakika. Mimi nilikuwa na uhakika kuliko yeye, na mimi sijui lolote.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo tulikuwa tumekaa, akaingia mama wa usafi na ndoo na dekio lake. Ni mama wa makamo, Mmachinga kwa kabila, mkali wa maneno, hapendi mtu akanyage alipokwisha kudeki. Akasimama nyuma yangu, akatazama kioo, akauliza kwa nini mtu mzima kama mimi nacheza gemu. Fundi akacheka, akamwambia, "Njoo na wewe uchomoe, mama." Akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi? Nifukuzwe kazi!" "Humu hakuna anayefukuzwa. Kosea utakavyo." Alinitoa kwenye kiti, akamkalisha yeye, akamwonyesha namna ya kushika kipanya. Mama akakata waya mmoja, kwa woga. Hospitali ikaendelea kupumua. Akakata mwingine. Akaanza kutabasamu. Kisha akauliza, "Na hili sanduku la juu nikilizima lote?" "Zima." Akazima, na mafaili yakabaki yanasomeka. Mama akakitazama kioo muda mrefu, tabasamu likamtoka, akasema polepole, "Hapa mnajidanganya."

Fundi akamuuliza kwa nini. Akaweka kidole kwenye kisanduku kilichoandikwa seva ya mafaili ya wagonjwa. "Hii nyaya zake mbili zote ziko juu." Fundi akasema, hapana mama, mmoja uko chini, mchoro unaonyesha. "Mchoro hauendi kudeki," akajibu. "Zote ziko juu. Niliziweka mimi." Kisha akaanza kulia, na kwa kilio hicho tukapata habari yote. Masika ya miaka miwili nyuma aliingia asubuhi na mapema, akakuta maji yanadondoka karibu na seva ile, hakuna mtu wa kumwita. Akazichomoa nyaya zake, akaisogeza, akaipangusa kwa kanga yake, akazirudisha popote zilipokubali kuingia. Taa zote zikawaka. Alijua ni marufuku kwake kugusa mashine, basi akafunga mdomo. Miaka miwili kila alipodeki chumba kile alikuwa akiziangalia zile nyaya kwa woga. "Utanisemea, fundi?" aliuliza. "Nina wajukuu ninaowalea."

Fundi alichukua kipanya. Aliurekebisha kwanza mchoro ndani ya maabara ukawa kama mama alivyosema, akamwambia, "Zima tena." Mama akazima sanduku la juu. Faili la kila mgonjwa likatoweka. Sote watatu tulikodolea macho kile kioo cheupe, na mimi nikamkumbuka yule mama wa wodi ya wazazi. Ingekuwa Jumapili, mchana kweupe, na watu wa kweli wodini. Fundi akaegemea kiti, akasema kwa upole, "Kosa moja haliachi mke, mama. Umeniokoa. Kamalize kudeki."

Kuhama kukaahirishwa wiki moja ili waya urudishwe mahali pake, na kukafanyika bila mgonjwa yeyote kujua. Lakini mkuu alitaka maelezo ya maandishi kwa nini kumecheleweshwa, na ni nani aliyeunganisha seva vibaya. Fundi akaandika mstari mmoja: kosa ni langu. Akapewa barua ya onyo, ikaingia kwenye faili lake, na nafasi ya ukuu wa kitengo iliyokuwa inamjia ikapewa mwingine. Nilimgombeza. Nikamwambia yeye ni mjinga kama Wamatumbi wenzake wote. Akanijibu, "Mwalimu, nikimtaja leo, kesho nani ataniambia waya uko wapi?" Nilikasirika nikaondoka bila kuaga, na jibu hilo sikulitafuna vizuri hadi siku ya mazishi.

Ikafika ile Alhamisi ya mazishi. Tulifika kijijini tumejaa vumbi jekundu, misa ikasomwa, zikafika salamu za rambirambi. Mkuu wa utawala akasimama. Alisema mazuri, sitamsingizia: marehemu alikuwa mchapakazi, hakuwa mtu wa majungu. Kisha akaongeza, "Ni kweli yalikuwapo makosa ya uzembe, hata barua zipo, lakini nani kati yetu ni mkamilifu?" Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza la mwanawe, nikamwona akiinamisha kichwa. Mshereheshaji akasema muda umekwisha. Nyuma kule akasimama mama wa usafi. Akaambiwa muda, akasema, "Muda mtaukuta."

"Wengi hamnijui. Mimi nadeki chumba cha mashine. Kosa la nyaya lililoandikiwa barua si la huyu. Ni langu. Alijiandikia yeye ili mimi nisifukuzwe. Nilikubali kwa woga, akaishi na aibu yangu. Sitaki mama yake amzike mtoto na kosa la mtu mwingine."

Mkuu, masikini, alikuwa bado ana kipaza sauti mkononi, na nadhani aliuliza kwa nia njema kabisa: "Sasa mama, mbona hukuja kuniambia ofisini?" Mama akamtazama bila hasira. "Kukuambia wewe, baba? Ningekuwa nimefukuzwa sijafika katikati ya maneno. Yeye alinikalisha kwenye kiti, akaniambia humu kosea utakavyo. Mimi toka nizaliwe sijaambiwa hivyo na mtu." Mkuu akakiweka chini kile kipaza sauti, akaenda hadi kwenye mkeka, akachutama mbele ya mama mzee, wakasemezana. Sikusikia walilosema. Jumatatu mama wa usafi alikwenda kazini na ndoo yake, na hadi naandika haya hajaitwa na mtu kujieleza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema aende akaufunulie wapi. Siku hizi tuna mitambo ya ajabu, nasi tunadhani usalama wetu umo ndani ya mitambo hiyo. Marehemu alijua kwamba maabara yake nayo ilikuwa na uongo ndani yake, kwa kuwa mashine hujua kile ilichoambiwa tu, na watu hawasemi pale wanapoogopa kusema. Waya ule haukufichuliwa na kompyuta. Ulifichuliwa na mtu aliyeona, kwa robo saa, kwamba kukosea si mwisho wa dunia. Ofisi zetu hazina kiti hicho. Nyumba zetu nyingi hazina. Nimelifikiria sana hilo tangu turudi, kwa sababu nilifundisha hesabu miaka mingi, na fimbo yangu ilijulikana kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Katika miaka hiyo yote sikumbuki mtoto hata mmoja aliyenyoosha mkono akaniambia, "Mwalimu, hapa nimekosea." Nami nilijisifu, nikidhani ni kwa sababu nilikuwa nafundisha vizuri.