Mikono Mgongoni: Miaka Yangu ya Kuhesabu Chipu Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi la vidole kabla sijamaliza dakika tano. Nilikuwa nimenyoosha mkono kugusa mnara wa chipu za mchezaji, vile visahani vya kuchezea karata, ili nizihesabu, na mgawaji, yaani yule anayegawa karata mezani, akanichapa kidogo kama mtu anavyomchapa mtoto anayedokoa mboga jikoni. "Mama, mikono mgongoni," akasema. "Hapa tunahesabu kwa macho." Wachezaji wote wakacheka. Nilikuwa mama wa watoto watatu, nikaona aibu kweli.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha wakulima wa kahawa, Ihanda. Kule mkono ndio kazi: unatikisa gunia, unachota punje, unasikia unyevu kwenye kiganja. Chama kilipopunguza makarani nikahamia Tunduma kwa dada yangu, aliyekuwa na meza ya nyanya sokoni. Nilimsaidia kuuza kwa miaka kadhaa, mpaka tukasikia kuwa ukumbi wa michezo ya karata karibu na mpaka unatafuta mtu mwepesi wa hesabu. Mama yangu, ambaye hajawahi kukosa ibada labda awe anaumwa, hakupendezwa.

"Unakwenda kuhesabu nini huko?" akaniuliza.

"Vipande vya udongo vilivyopakwa rangi, mama."

"Basi vihesabu vizuri. Mungu naye anahesabu."

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa baraka au onyo.

Ninyi vijana mnaoipiga meza picha kwa simu na kupata idadi papo hapo, ngojeni niwaeleze tulivyofanya sisi. Katika mashindano ya poka kila mchezaji huanza na chipu sawa na mwenzake. Chipu zile hazinunui hata nyanya moja. Ni pumzi yako ya kuendelea na mchezo, na zikiisha unanyanyuka. Ukumbi ukiwa na meza kumi na tano hakuna mchezaji anayeweza kujua wenzake wana nini, ndipo anapohitajika mhesabu. Nilizunguka na karatasi, miaka ya baadaye na kishikwambi, nikaandika jina na idadi, na idadi ikapanda kwenye ubao mkubwa ukutani.

Wachezaji hupanga chipu kwa minara ya ishirini. Ukishalizoesha jicho urefu wa mnara huo, unahesabu minara badala ya chipu mojamoja. Chipu zenye thamani kubwa ni lazima zikae zinapoonekana, kuzificha ni kosa. Karata zikiwa zinachezwa, humsemeshi mchezaji. Na kila mzunguko unapoisha unajumlisha namba zako zote, kwa kuwa jumla ya chipu za ukumbi mzima inajulikana tangu mwanzo. Zikipungua au kuzidi, ujue kuna meza umeiona vibaya, na unarudi. Tuliiita jumla ya kufungia.

Wakubwa wangu walikuwa wengi, lakini watatu ndio walionifundisha. Msimamizi wa Sakafu, yaani wa eneo la meza, alinizungusha wiki nzima akinishtukiza, "Mama Haonga, minara ile mingapi? Usisogee, sema!" Meneja wa Ukumbi alipenda ubao ubadilike kila mara, maana watazamaji walikuja kwa ajili ya ubao. Juu yao alikuwapo Mkurugenzi wa Mashindano, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'aa hata msimu wa matope. Aliponipeleka ukumbi wa Mbeya kwa miaka miwili aliniambia neno moja tu: "Mchezaji akiangalia ubao, anakuangalia wewe. Usimwonyeshe kitu ambacho hukukiona."

Nilirudi Tunduma nikiwa Mhesabu Mkuu. Kichwa kilinivimba, sitaficha. Wachezaji wa pande zote mbili za mpaka walisema namba za Mama Haonga hazina makosa, nami nikaanza kuwaamini.

Jumapili moja alasiri, nimetoka kanisani moja kwa moja nikiwa bado na kitenge cha kwaya, walikuwa wamebaki wachezaji kumi. Tisa ndio hukaa kwenye meza ya mwisho, kwa hiyo mmoja alikuwa anaondoka. Kati yao alikuwapo Mulenga, karani wa malori kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Mbemba mpole aliyekuwa akijaribu kwa mwaka wa nne na hajawahi kuikalia meza ya mwisho hata mara moja. Kila alipoingia alinisalimu, "Mwapoleni, bamayo," yaani salamu, mama, kwa Kibemba, kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Aliyekaa upande wa pili wa meza yake alikuwa Bi. Nachone, muuza maharage wa soko letu, mwanamke asiyebabaishwa na mtu.

Wakati wa mapumziko nikapita kuhesabu. Bi. Nachone alikuwa na minara sita ya chipu za mia tano, na juu ya kila mnara ameweka chipu moja ya rangi nyingine, pembeni kidogo. Mtu wa Tunduma anaijua picha hiyo. Sokoni fungu la nyanya ni tano, na muuzaji anakuongezea moja juu, ile tuliyochukua jina lake kwa jirani zetu wa ng'ambo: mbasela. Mbasela haihesabiwi. Ukiulizwa umenunua ngapi unasema tano, ingawa nyumbani unapika sita. Nimepanga mafungu hayo na dada yangu mpaka nayaota. Macho yangu yakaona minara sita, yakaona mbasela sita, nikaandika elfu sitini. Mazoea yana tabu.

Zile za juu zilikuwa chipu za elfu tano. Bi. Nachone hakuficha kitu. Aliziweka juu zionekane, kama sheria inavyotaka. Alikuwa na elfu tisini.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kupapita. Nilipojumlisha, jumla ya kufungia ilipungua kwa elfu thelathini. Niliiona. Niliiandika kabisa chini ya karatasi. Lakini Meneja wa Ukumbi alikuwa ananipungia mkono niupandishe ubao, watu wanarudi vitini, nami nikajiambia kosa litakuwa la msaidizi wangu wa meza ya pili, si langu, nitarudi baadaye. Nikazipandisha namba.

Dakika chache tu baadaye Mulenga akasukuma chipu zake zote katikati, elfu themanini na tano. Bi. Nachone akamfuata, karata zikafunuliwa, akashinda. Mulenga hakushtuka; ubao ulisema Bi. Nachone ana elfu sitini, na anayeshindwa hutoa kiasi alicho nacho mshindi tu, kwa hiyo alingoja kwa utulivu arudishiwe elfu ishirini na tano zake zinazobaki. Mgawaji akahesabu ile minara kwa mkono, na zile za juu, akatikisa kichwa.

"Umekwisha, kaka."

Mulenga akageuka polepole akaangalia ubao, kisha akaniangalia mimi.

Tuliitwa ofisini, yeye na mimi. Meneja wa Ukumbi akanivuta pembeni mlangoni. "Sheria iko wazi, mchezaji ahakikishe mwenyewe mezani. Tutasema mtandao ulichelewa. Hiyo karatasi ichane." Alisema kwa kunihurumia, simlaumu. Kazi ile ilikuwa inasomesha wanangu watatu. Karatasi ilikuwa mkononi, imekunjwa, na ningeweza kuichana kwa vidole viwili.

Mkurugenzi akasoma sheria: matokeo yanabaki, Mulenga ametolewa mashindanoni. Kisha akaniuliza, "Ubao ulikosea vipi?"

Nikaikunjua karatasi mbele yake. "Haukukosea ubao, mzee. Nimekosea mimi. Sikuhesabu chipu za juu. Na jumla ilinionyesha kuna upungufu, nikauona, nikazipandisha namba hivyo hivyo."

Meneja akatazama dari. Mulenga akasema kwa sauti ya chini, "Ile meza nilikuwa naiona, bamayo. Nilikuwa na uwezo wa kumwambia mgawaji ahesabu. Sikumwambia, kwa sababu ubao ulikuwa wa kwako."

Kama angenitukana, ningelala usingizi usiku ule. Maneno yale yaliniuma kuliko adhabu, na adhabu ilikuwapo: miezi mitatu nje ya sakafu, nikiosha chipu kwenye chumba cha nyuma na kuzipanga kwa rangi. Angalau huko niliruhusiwa kuzigusa. Niliporudi niliweka utaratibu kwamba jumla isipofunga, namba hazipandi, hata Meneja apunge mikono yote miwili. Watu walisubiri na kunung'unika. Nikawaacha wanung'unike.

Mulenga alicheza miaka miwili zaidi, akaacha. Meza ya mwisho hakuifikia kamwe. Watu wananiambia huenda hata siku ile angetolewa baadaye, na huenda ni kweli, lakini hilo hatukulijua wala hatutalijua, na aliyelifanya lisijulikane ni mimi. Nimestaafu na jambo hilo. Vijana, mashine zenu zitaona chipu za juu bila shida. Siku jumla itakapogoma kufunga na mkubwa anapunga mkono, mashine haitawasaidia kitu.

Siku ya kuniaga, mwaka jana, watu walileta vitenge na hotuba. Mulenga alivuka mpaka na mfuko wa plastiki. Mvi zimemjaa. Akaviweka vitu vyake juu ya meza mbele yangu: nyanya tano, na moja juu.

"Hesabu, bamayo."

Nikainama kuangalia, mikono yangu imekwenda mgongoni yenyewe.

"Hapana," akasema. "Leo gusa."

Nikazishika moja moja, nikianzia na ile ya juu.

"Sita," nikamwambia, na machozi yakanitoka mbele ya wakubwa wangu wote.