Ukurasa Usio na Marejeo

Kwa kunakili sina msamaha. Kila mwaka, katika chuo cha ualimu ninachofundisha hapa Tabora, wiki ya kwanza huwa ni ya jambo hilo moja: ukichukua maneno ya mtu mtandaoni, mtaje jina na useme umeyatoa wapi. Wanachuo hunicheka pembeni. Wanadai hata nikisalimiwa nitauliza salamu imetoka tovuti gani. Wacheke tu.

Mwaka juzi niliwapa kazi ya kuandika kuhusu njia ya zamani ya misafara. Mwanachuo mmoja, mama wa watoto watatu aliyeolewa upande wa Ulyankulu, aliandika ukurasa mtamu mno kuhusu wake wa wapagazi: mume akishaondoka na mzigo kwenda pwani, mke hasuki nywele mpaka msafara urudi. Kwenye marejeo hapakuwa na kitu. Utamu ule ndio ulionitia shaka. Niliandika sentensi mbili kwenye simu, zikatokea neno kwa neno kwenye blogu ya bwana mmoja, na picha yake juu akitabasamu.

Damu ilinichemka. Kesho yake nilimsimamisha darasani, nikasoma ukurasa wake, kisha blogu.

"Ni maneno ya nyumbani, mwalimu," alisema.

"Nyumbani kwenu ndiko kwenye blogu?"

Darasa likacheka. Nikasema huo ni wizi, na mwizi hafundishi watoto wa watu. Nikampa sifuri. Kwa sifuri hiyo asingepata cheti mwaka ule, na alijua. Aliketi.

Alasiri alikuja ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alikataa kiti. Akanieleza taratibu kwamba yule bwana wa blogu alifika kwao, akala ugali wao, akamrekodi baba mkwe wake kutwa nzima, akaenda zake. Maneno yalikuwa ya baba mkwe.

"Sasa kwa nini hukumwandika?"

Aliangalia chini. "Mkwe hatajwi, mwalimu. Wewe ni wa hapa hapa, unajua."

Nilijua. Mama yangu mzazi alimaliza miaka yake yote ya ndoa bila kulitamka jina la babu yangu, baba mkwe wake.

"Ungemwandika huyo wa blogu, yakaisha."

"Nikimwandika yeye, nitakuwa nimempa yasiyo yake. Nikaona heri niache wazi."

Niliona aibu, tena aibu kubwa, maana mwanafunzi aliyelielewa somo langu kuliko wote ndiye niliyemwadhibu. Nikampigia simu mumewe, aliyekuwa kazini Nzega. Akanitajia jina la baba yake, nami nikaliandika kwa kalamu yangu kwenye marejeo ya mwanachuo, jambo nisilowahi kulifanya. Wakati naandika, mkewe aligeukia dirishani. Kisha nikaifuta ile sifuri.

"Nisamehe, mama," nilisema.

"Yameisha, mwalimu."

Alipata cheti, na sasa anafundisha. Lakini wenzake hawakuwamo ofisini alasiri ile. Nilikusudia kuwaambia Jumatatu. Jumatatu ilipofika nikaanza mada mpya, na wiki iliyofuata ilikuwa ya mitihani, kisha wakatawanyika makwao. Samahani yangu aliisikia peke yake. Neno mwizi walilisikia wote.